Ndugu wa Karibu: Hakuna

Shinyanga, 14 Mei 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Ipokee kwa mbali, kama unavyozipokea zangu zote, mimi nikiwa nimesimama nje ya uzio na uso nimeugeuzia barabarani. Sisi huku hatujambo. Sesilia anakusalimu sana. Mjukuu wako Mihayo yuko darasa la pili na meno yake ya mbele yameng'oka yote mawili, kwa hiyo siku hizi anasoma kwa kupuliza. Mvua zimekatika mapema na mahindi ya hapa uani yamebaki mabua.

Michembe uliyotuma, viazi vyako vitamu vya kukausha, tumeipokea, kiroba kizima. Wabeja, asante sana. Sesilia aliichemsha na karanga, nami nilikula mpaka nikaona haya kuongeza. Barua hii nampa Liaquat huyo huyo aliyeileta, maana kila akipeleka vipuri vya makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu huko Nyarugusu anapita mbele ya kibanda chako cha chakula. Najua una simu. Lakini mkwe ampigie simu mama mkwe wake, sauti iingie moja kwa moja sikioni, mimi siwezi, na hata ningeweza wewe hungepokea. Barua ina staha yake.

Nashukuru pia kwa harusi ya shemeji Adam kule Masumbwe. Mambo yalikwenda vizuri. Sisi wakwe tulikaa upande wetu wa turubai, ninyi upande wenu, tukala bila kuonana kama inavyotakiwa. Hakuna aliyevunja adabu.

Jambo lenyewe ni dogo. Sesilia anasema ukiongea naye kwenye simu siku hizi maneno yanateleza, kama mtu aliyeweka kitu mdomoni. Mimi sijasikia na sina ruhusa ya kusikia. Nauliza tu, kama kuna jino linasumbua, Geita mjini pana daktari wa meno. Unisamehe kwa kulitaja.

Mkweo,
Boaz, Baba Mihayo

*

Nyarugusu, 3 Juni 2023

Baba Mihayo,

Marahaba. Mwangaluka. Huku wazima, ila kuku wamepitiwa na kideri, wamebaki watatu na hao watatu wananitazama kama mimi ndiye niliyewaua wenzao. Vumbi la makarasha ni lile lile. Jirani yangu Bernadina anawasalimu. Adam amerudi kwenye duara lake la kuchimbia dhahabu, anashuka asubuhi na kupanda jioni, na mke wake mpya anasonga ugali mgumu wa kujengea ukuta. Nimemwambia, hakukasirika. Ni binti mzuri.

Sasa nije kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili nikacheka peke yangu, wateja wakadhani nimechanganyikiwa. Tangu lini mkwe anauliza habari za mdomo wa mama mkwe? Marehemu Baba Sesilia angekutoza mbuzi siku hiyo hiyo, na ungemswaga mwenyewe kutoka Shinyanga kwa miguu.

Ni jino. Nasukutua kwa maji ya chumvi na linatulia. Usimtie Sesilia wasiwasi, kaniambia ana mimba, na ile iliyotoka mwaka juzi bado inamuuma. Jumatatu naenda Geita kununua dagaa na mchele. Nikipata nafasi nitapita hospitali, nikikosa sitapita. Basi, yaishe hapo.

Mama Sesilia

*

Shinyanga, 20 Agosti 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Pole kwa kimya changu. Sesilia yupo vizuri, miguu inavimba kidogo jioni lakini kliniki wanasema mtoto anacheza. Mihayo ameota jino moja, limetoka pana kama jembe, na anaringa nalo.

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichana.

Nauliza na unijibu kwa neno moja. Ile Jumatatu ya Juni ulipita hospitali Geita? Kama ulipita, walikuambia urudi lini kuchukua majibu? Kama walikuambia, nakuomba urudi wiki hii. Usingoje mnada, usingoje Adam apate nafasi. Ninayo sababu ya kukuomba hivi na sina uso wa kuiandika. Nitaiandika siku nyingine.

Mkweo,
Boaz

*

Nyarugusu, 9 Septemba 2023

Baba Mihayo,

Marahaba. Sisi wazima.

Hospitali sikwenda. Nilinunua dagaa nikarudi na gari la saa nane. Sasa umeridhika?

Sijui nani amekutuma kunihoji. Kama una sababu iandike, na kama huna uso wa kuiandika basi nyamaza nayo, ndivyo wakwe wanavyotakiwa. Shingo imekaza kidogo upande mmoja, ni ndoo za maji, Bernadina ananikanda kwa mafuta ya mnyonyo. Michembe mwaka huu sitatuma. Sijatengeneza. Siku hizi sitafuni vitu vigumu, na mtu hatengenezi asichokula.

Mama Sesilia

*

Shinyanga, 1 Oktoba 2023

Mama,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, maana kwenye kiti naona kama najikweza mbele yako.

Uliandika kwamba hukwenda hospitali. Ulikwenda. Ilikuwa tarehe tano Juni, ukakatwa kipande kidogo kwenye ulimi, ukaambiwa urudi baada ya wiki tatu, hukurudi. Nitakueleza nimejuaje, na ukimaliza kusoma una haki ya kutotaka kuniona tena, ingawa hata sasa hatuonani.

Unajua nafanya kazi maabara. Ni kazi gani hasa, kwa heshima hujawahi kuuliza. Hospitali za kanda hii zinapomkata mgonjwa kipande cha uvimbe wa mdomo, wa koo au wa shingo, sehemu moja hubaki kwa ajili ya majibu yake, na sehemu nyingine, kama mgonjwa amekubali, huletwa kwetu kwa utafiti. Huja ndani ya nta. Mimi naikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, nailaza juu ya kioo, naipaka dawa, halafu naitazama kwa hadubini. Natafuta vipokezi vya seli za kinga. Seli ya kinga ni mlinzi anayezunguka mwilini, na kipokezi ni mkono wake: kwa mkono huo anagusa kila anayekutana naye, anatambua huyu wa nyumbani, huyu mwizi. Kimojawapo cha vipokezi hivyo kazi yake ni kumzuia mlinzi asije akawaumiza wa nyumbani. Dawa yetu ikikipata hicho inakigeuza rangi ya kahawia.

Kioo hakina jina. Kina namba, na karatasi yenye umri, mahali, na mazoea ya mgonjwa. Tarehe kumi na moja Julai nilipewa namba 117. Mwanamke, miaka sitini na moja, Nyarugusu, mpishi, ugoro miaka thelathini, ulimi upande wa kushoto.

Hapo kwenye kushoto nilishika meza. Mama, siku ile Masumbwe upepo uliinua turubai. Ulikuwa unakunywa maji. Uliinamisha kichwa kulia, ukafumba macho, ukameza kama mtu anayemeza msumari. Nilikuona wazi. Kazi yangu ni hiyo, nilijua palepale kwamba jino haliumi namna hiyo. Nikatazama chini. Tena nikajisifu, nikasema moyoni kwamba mimi ni mkwe mwenye malezi. Niliporudi nyumbani nikakuandikia barua ya kuzunguka zunguka, nikamsingizia Sesilia kwamba ndiye aliyesikia. Yeye hakuwa amesikia kitu.

Kuhusu kile kioo nilitaka kuhakikisha. Daftari la majina, pamoja na fomu walizojaza wagonjwa wenyewe, hukaa kabatini kwa Dokta Kausar, mkuu wetu, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua. Alipokwenda kuswali adhuhuri nililifungua. Nikaona jina lako, ambalo sijawahi kulitamka na hapa pia siliandiki. Kwenye namba ya simu, umepiga mstari. Kwenye ndugu wa karibu, kwa mwandiko wako ninaoujua, umeandika: hakuna.

Mila inanikataza kuutazama mdomo wako ukila. Mimi nimeutazama ukiwa umekuzwa mara mia nne. Sijui hata neno la kuomba radhi kwa jambo kama hilo, nadhani wazee hawakulitunga kwa sababu hawakufikiri litatokea.

Na aibu kubwa kuliko hiyo ni hii. Majibu yalikuwa tayari, hospitali haikuwa na njia ya kukupata, na mtu mmoja tu duniani alijua namba 117 ni nani. Mtu huyo alikaa wiki karibu kumi na mbili. Kila asubuhi nilisema leo nitaandika, kisha nikaona haya, ya mdomo wako na ya kabati nililofungua. Ukaniandikia kwamba shingo imekaza. Si ndoo, Mama. Ni saratani, na inaanza kushuka.

Nikuambie nilichoona. Seli zako za kinga zilikuwa zimefika. Nyingi, zimeuzunguka uvimbe, nyingine zimeingia ndani kabisa. Lakini karibu zote zilikuwa kahawia. Uvimbe huo unajua kukishika kile kipokezi cha kuzuia, na ukikishika, mlinzi hujiona kama amekutana na mkwe. Anainamisha kichwa na kupisha. Amemwona mwizi, anamjua, ananyamaza. Nimesoma habari za vipokezi hivi miaka sita, na siku ile ndiyo kwanza nilivielewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo Masumbwe.

Ziko dawa za kukifunika kipokezi hicho ili seli ziinue vichwa. Simjui mgonjwa hata mmoja wa huku kwetu aliyezipata, na sitakudanganya kwamba utazipata wewe. Kilichopo ni kisu na mionzi, Mwanza, na vyote viwili vinamtaka mtu awahi.

Ijumaa nilimwambia Dokta Kausar kila kitu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Boaz, hiki kioo ni mtu. Ungekuja kwangu siku ile ile ningemtafuta mimi, na wewe ungebaki na aibu moja badala ya tatu." Ameniondoa kwenye hadubini, naosha vyombo mpaka mwaka uishe, na ni haki yangu. Amewajulisha Geita. Muuguzi atakuja kukutafuta. Sesilia sijamwambia neno, siri ni yako.

Nenda, Mama. Nikasirikie ukiwa njiani.

Boaz

*

Nyarugusu, 26 Novemba 2023

Boaz,

Marahaba. Nimesikia Sesilia amejifungua salama na mtoto ni wa kike. Mungu ashukuriwe. Nimesikia pia mmempa jina langu. Kwa hiyo sasa una mtu nyumbani kwako usiyeruhusiwa kumwita. Utamwitaje akimwaga uji? Utapiga mluzi?

Barua yako niliisoma nikaitia ndani ya debe la unga. Siku tatu nilisonga ugali wa watu kwa unga uliokaa na barua hiyo. Kisha akaja muuguzi kwa pikipiki, akasimama mbele ya wateja wangu ishirini wenye udongo mpaka kwenye nyusi, akaniuliza mimi ndiye nani. Nikamwambia huyo amehamia Buseresere. Akaenda mpaka Buseresere. Alirudi siku ya pili, hakunigombeza, akaomba maji ya kunywa. Nilipompa maji nikalia. Ndipo nikakubali.

Nimekwenda Geita na nimekwenda Mwanza. Yote uliyoandika nimeyakuta yakinisubiri.

Sasa na mimi niseme yangu, maana umejipiga mwenyewe vya kutosha na fimbo zangu umezimaliza.

Ugoro niliuapia mbele ya kaburi la Baba Sesilia kwamba nimeacha. Sesilia alikuwa amenishika mkono. Padri alikuwepo. Mimi ndiye ninayeongoza jumuiya ya akina mama hapa kigangoni, ninayewaambia wenzangu waache hiki na kile. Sikuacha hata wiki. Kikopo kilikaa ndani ya mfuko wa chumvi, nikawa nauweka chini ya ulimi wakati nachochea moto, kwa sababu moshi unasingiziwa kila kitu. Miaka tisa nimekuwa mwongo kwa watoto wangu. Nilipoona kidonda nilijua kimetoka wapi.

Na lile neno hakuna. Pale Geita binti mmoja alinieleza vizuri kabisa kwamba kipande kingine, nikikubali, kitapelekwa maabara Shinyanga. Nikamuuliza maabara ipi. Akanitajia yako. Ningeweza kukataa, lakini alinieleza kwa upole, nikaona haya kumkatalia. Basi nikapiga mstari kwenye simu na kwenye ndugu nikaandika hakuna, ili wewe usijue kamwe kwamba mdomo uliolala kwenye meza yako ni wangu. Wewe ukanijua vilevile, na daktari aliyetaka kunipa majibu akakosa pa kunitafuta. Nilipokuwa narudi na dagaa zangu nilijiona mjanja.

Na hili ni la mwisho, usimwambie mtu. Masumbwe turubai lilipoinuka niliona viatu vyako. Vilikuwa vimeelekea kwangu, kisha vikageuka. Nilijua umeona. Nikasema, mkwe huyu amelelewa. Nilifurahi, Boaz. Kila mmoja wetu alirudi kwake anajisifu, na kidonda kikarudi na mimi Nyarugusu.

Hapo kwenye seli zangu nimesoma mara nyingi. Kwa hiyo hata damu yangu ni ya Kisukuma. Imemwona adui ikampisha njia.

Katikati ya Januari watanikata, Mwanza. Wanataka ndugu wa kusaini, wa kukaa, na wa kufundishwa kunisafisha kidonda cha mdomoni, maana nikirudi nyumbani siwezi kujifanyia mwenyewe. Sesilia ana kichanga cha wiki mbili. Adam anashuka duarani bila woga lakini akiona damu anakaa chini. Nimehesabu ndugu zangu wote. Umebaki wewe.

Mjomba wangu Stanslaus, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, anasema kuna njia, watu walifanya hivyo zamani kukiwa na dhiki. Mkwe analeta mbuzi na kitenge, wanakaa uso kwa uso mbele ya mashahidi wawili, wanakula chombo kimoja, na haya inaisha. Njoo Jumamosi tarehe thelathini Desemba. Mimi nitakunywa uji, nyama utakula wewe.

Sesilia nitamwambia mwenyewe.

Mama Sesilia

*

Shinyanga, 4 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama. Sesilia analia na kunyonyesha kwa wakati mmoja, kisha ananikasirikia, kisha anakukasirikia wewe, kisha anafunga mizigo ya Mwanza. Mtoto tunamwita Bibi, ndiyo njia niliyopata.

Naandika kwa sababu mdomo wangu ulikataa siku ile, na siwezi kuingia wodini na deni hili moyoni. Mbuzi nilimleta. Kitenge ulikipokea. Mjomba Stanslaus alisema maneno yake, Bernadina akapiga vigelegele, chungu kikawekwa katikati yetu. Watu wote walirudi nyumbani wakijua haya imeondolewa.

Mimi nilitazama kijiko. Muda wote ulipokuwa unakunywa uji, nilikitazama kijiko changu. Nilikusikia ukipumzika kati ya funda na funda. Nilisikia uji mwingine ukirudi, ukaufuta kwa ncha ya khanga. Ulisema, "Baba Mihayo, kula," nami nikala, na sikuinua macho. Mbuzi mzima alichinjwa ili nikutazame, na sikukutazama.

Dokta Kausar amenirudisha kwenye hadubini tangu juzi. Nimekaa, nikaweka jicho, na seli za watu nisiowajua nimezitazama bila shida yoyote. Nina aibu ya jambo hilo kuliko mengine yote niliyokuandikia. Nina ujasiri wa kutazama kipande, mtu mzima ananishinda.

Nitakuwepo Mwanza. Nitasaini. Lakini kama kuna mtu mwingine wa kufundishwa ile kazi ya kusafisha, mwambie daktari amfundishe huyo.

Boaz

*

Mwanza, wodini, 27 Januari 2024

Boaz,

Leo sisalimii kwanza, karatasi ni ndogo na muuguzi amenipa kalamu inayokaribia kuisha.

Wamekata robo ya ulimi upande ule, na shingoni wametoa tezi kumi na nane. Mbili zina ugonjwa. Daktari anasema mionzi itafuata, wiki sita, na hakusema zaidi, nami sikumuuliza, kwa sababu siwezi kuuliza. Nikijaribu kusema natoa sauti ya ndama. Jana mwenzangu wa kitanda cha jirani alicheka, nami nikacheka, ikamwagika damu, tukagombezwa wote wawili.

Najua uko nje. Siku kumi na moja unakaa kwenye lile benchi chini ya dirisha. Unaleta uji, unampa muuguzi, unarudi kukaa. Naiona kofia yako. Sesilia alipokuja na mtoto ulimsukuma yeye mbele na wewe ukabaki mlangoni unasoma tangazo la malaria. Umelisoma kila siku. Bila shaka sasa unalijua kwa moyo.

Barua yako ya kijiko niliisoma. Nilijua. Nilikuwa nimekaa mbele yako, ulifikiri sioni? Sikusema kwa sababu na mimi nilitazama chungu. Wewe hukuinua macho, mimi pia sikuinua.

Daktari nimemwandikia kama ulivyotaka, nikamuuliza kama kuna mwingine wa kufundishwa. Akanipa fomu mpya nijaze. Ilikuwa na ule mstari, ndugu wa karibu. Nilikaa nayo tangu asubuhi. Nimeandika Boaz, mwanangu. Uhusiano mwingine sikuupatia nafasi, kisanduku kilikuwa kidogo.

Jumatatu wananitoa. Leo saa kumi muuguzi atakuja na beseni, chumvi na pamba, na anataka ndugu asimame karibu aone jinsi inavyofanyika. Harufu si nzuri, nakuambia mapema. Pana nyuzi nyeusi, na upande mmoja ni shimo. Nimejitazama kwenye kioo cha muuguzi nikalia, sasa nimemaliza kulia.

Saa kumi ingia. Usilete uji, usisome tangazo. Sogea mpaka kitandani. Nitafungua mdomo, nami nitakuwa nakutazama wewe usoni. Ukiinamisha kichwa nitakuona, na safari hii sitafurahi.

Nyamizi